Kutafuta mababu wa Kiingereza kwenye rejista za parokia: hatua kwa hatua, usije ukabeba marehemu wa watu kama mimi

Baba wa watoto wangu ni Mwingereza wa Norfolk, kaunti ya mashariki mwa England, mimi wa Tanga. Upande wangu ukitaka ukoo unampigia shangazi simu, anashusha majina mpaka babu wa babu bila kuvuta pumzi, na nani alioa wapi, na nani alikula mahari akakimbia. Upande wa baba yao, mama mkwe anamjua babu yake tu, baada ya hapo kimya. Sasa mtoto akaja na homuweki ya mti wa ukoo, upande mmoja majina yamejaa mpaka nimebandika karatasi ya ziada, upande wa pili vijitawi viwili, nikasema hapana, hawa watu walikuwa wanaandika kila kitu, haiwezekani wapotee hivi. Nikaingia kwenye rejista za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi. Miaka minne sasa na sijatoka.

Wenzangu wenye watoto machotara wananiuliza sana, pia na wale ambao babu yao alikuwa mzungu wa shamba au wa reli akaacha jina na picha moja tu. Kwa hiyo naandika yote hapa. Ni England na Wales tu, Scotland wana utaratibu wao na mi sijauingia.

Hatua ya 1: Usianze na kanisa

Najua unataka kukimbilia kitabu cha mwaka 1600. Tulia. Anza na aliye hai, mhoji, piga picha vyeti vyote vilivyo kwenye lile kopo la biskuti (kila familia ya Kiingereza ina kopo la biskuti lenye makaratasi, usibishe), halafu rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, kwa hiyo mpaka hapo unatumia vyeti na sensa. Indeksi ya vyeti, yaani orodha ya majina, unaisachi bure kwenye tovuti ya FreeBMD, na ofisi ya usajili yenyewe, GRO, nayo ina indeksi yake mtandaoni, unafungua akaunti tu. Hiyo ya GRO inakuonyesha hadi jina la ukoo la mama wa mtoto kabla hujatoa hata senti, kitu ambacho kinaokoa pesa nyingi.

Sensa ni kila miaka kumi. Ya 1841 ni ya kizamani kidogo, watu wazima umri wao ulikuwa unashushwa hadi tano au kumi ya karibu, yaani wa 44 anaandikwa 40, na mahali alipozaliwa wameandika tu kama ni kaunti hiyohiyo au la. Ya 1851 ndo dhahabu. Angalia safu ya "Where Born", ya pili kutoka mwisho, imeandikwa jina la parokia aliyozaliwa mtu. Hilo ndilo daraja lako la kuvukia kwenda kanisani. Mtu wa miaka 60 mwaka 1851 amezaliwa kama 1791, na sasa unajua kijiji. Umri lakini usiuamini kama mahakamani, wengi walikuwa wanakisia, toa au ongeza miaka mitatu minne.

Hatua ya 2: Jua kitabu cha mwaka huo kinaandika nini

Hapa ndo watu wengi wanaruka na ndo wanapoumia. Rejista za parokia zilianza Septemba 1538, Thomas Cromwell, yule mtu wa karibu wa Mfalme Henry VIII, alipoamuru kila kasisi awe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Wengi waliandika kwenye makaratasi hovyohovyo, yakaoza. Mwaka 1598 ikatoka amri yanakiliwe upya kwenye vitabu vya ngozi, hasa kuanzia 1558 Malkia Elizabeth wa Kwanza alipokalia kiti, na si unajua binadamu, makarani wengi wakaanzia hapohapo 1558 ile miaka 20 ya mwanzo wakaiacha. Ndo maana rejista nyingi utaona zinaanza 1558 na siyo 1538.

Kumbuka pia kwamba ni ubatizo, siyo kuzaliwa. Hata Shakespeare hakuna anayejua siku aliyozaliwa, kilichopo ni mstari mmoja wa rejista ya Stratford wa tarehe 26 Aprili 1564, "Gulielmus filius Johannes Shakspere", yaani William mtoto wa John. Na huo mstari wenyewe uko kwenye nakala iliyoandikwa 1600, siyo ile karatasi ya siku yenyewe. Kama kwa Shakespeare mambo ni hivyo, kwa babu mkata nyasi tusidai makubwa.

Vitabu vya zamani kabisa vinatoa jina la mtoto na la baba, mama anaweza asitajwe. Kati ya 1642 na 1660 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye serikali ya Oliver Cromwell, tegemea mashimo, vitabu vingine vina miaka kumi mitupu, na kuanzia 1653 usajili ulinyang'anywa makasisi kabisa, utakuta wameandika kuzaliwa badala ya kubatizwa.

Mwaka 1754 ndoa zinanyooka. Sheria ya Lord Hardwicke ilipoanza tarehe 25 Machi mwaka huo, karibu kila mtu ilibidi afungie ndoa kanisa la Anglikana, waliosamehewa ni Waquaker (dhehebu la Kikristo lililojitenga na Anglikana) na Wayahudi, na ikawa lazima maharusi waweke sahihi pamoja na mashahidi. Asiyejua kuandika anaweka msalaba, kama sisi tunavyoweka dole gumba. Mashahidi usiwapuuze! Mara nyingi ni kaka, dada au shemeji, ingawa kuna jina moja utaliona limeshuhudia kila ndoa ya kijiji miaka 30, huyo ni karani wa kanisa, usianze kumtafutia undugu.

Halafu 1783 hadi 1794 kulikuwa na kodi, peni 3 kwa kila mstari unaoandikwa, maskini wakisamehewa. Ukiona herufi P au "pauper" pembeni ya jina miaka hiyo, ujue hajalipa. Wapo waliosubiri kodi ifutwe ndo wakapeleka watoto wanne kwa mpigo. Nimeona ukurasa wa 1795 watoto wa baba mmoja watano siku moja, mkubwa nadhani alitembea mwenyewe mpaka kwenye maji.

Kuanzia 1 Januari 1813 raha inaanza, vitabu vikawa na fomu zilizochapishwa. Ubatizo una jina la mtoto, majina ya wazazi wote wawili, wanakoishi na kazi ya baba. Mazishi yana umri na makazi. Na kuanzia Julai 1837 fomu ya ndoa ya kanisani inataja baba wa bwana harusi na baba wa bi harusi, kila mmoja na kazi yake. Hii fomu ndo iliyoniokoa mimi, nitakueleza chini.

Hatua ya 3: Sachi indeksi, halafu fungua picha

FamilySearch ni bure, fungua akaunti. FreeREG nayo ni bure, ni watu wa kujitolea wanaonakili rejista mstari kwa mstari. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, ila ukiwa Uingereza nenda maktaba ya mtaa wako uliza, maktaba nyingi zina mojawapo kwenye kompyuta zao bure, mi nilitumia hivyo mwaka mzima mtoto akiwa kwenye kipindi cha hadithi chumba cha pili. Kila kaunti imeuza picha zake kwa kampuni tofauti, kwa hiyo kabla hujatoa kadi ya benki angalia kaunti yako iko wapi. Norfolk nina bahati, picha nyingi ziko FamilySearch zimefunguliwa. Kaunti nyingine kule utakuta picha zimefungwa mpaka uende kwenye kituo cha FamilySearch.

Ukisachi usiandike jina kamili. Tahajia haikuwepo, karani aliandika alichosikia. Reed, Reade, Read, Rede, wote baba mmoja. Tumia kinyota, andika R*d* uone. Na herufi f mbili mwanzoni, "ffrancis", ni F kubwa tu.

Sasa sikiliza. Indeksi siyo ushahidi. Indeksi ni mtu kasoma maandishi ya mtu akaandika alichodhani. Fungua picha ya ukurasa, soma mstari wako, soma na kumi ya juu na kumi ya chini. Pembeni kuna vinoti ambavyo hakuna indeksi inavichukua, "amehamia", "mgeni", "alizama mtoni". Na makarani wengine walikuwa waandishi hasa. Pale St Botolph, nje ya lango la Aldgate, London, tarehe 3 Juni 1597 alibatizwa Mary Fillis, msichana mweusi wa Kimoroko wa miaka kama 20, na karani hakuandika jina tu, kaandika na baba yake alikuwa anatengeneza vikapu na masepetu. Miaka zaidi ya mia nne, tunajua baba wa mtumishi mmoja alisuka vikapu! Kwa hiyo usishangae ukikuta mtu mweusi kwenye ukoo wa kizungu, wapo, na wapo zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya 4: Kabla hujamchukua mtoto, hakikisha hakufa

Hii hatua niliiruka. Ngoja nisimulie.

Babu tuliyekuwa tunamtafuta ni John, sensa ya 1851 inasema ana miaka 60, kazaliwa kijiji kimoja karibu na Aylsham. Nikafungua rejista ya kijiji, Aprili 1790 huyu hapa, John mtoto wa William na Ann, jina la ukoo lilelile. Nikapiga kelele mpaka baba watoto akaja mbio akidhani nimeungua. Kutoka kwa William nikapanda kwa baba yake, kwa babu yake, vizazi vitatu, nikachora mti kwenye karatasi kubwa, mama mkwe akaununulia fremu. Nikauweka na mtandaoni.

Miezi sita baadaye natafuta kitu kingine kabisa, niko kwenye kurasa za mazishi, naperuzi tu na chai mkononi. Desemba 1790. "John son of William and Ann, infant." Mtoto mchanga. Miezi minane.

Kwa hiyo niliyembandika ukutani kama babu wa babu wa mume wangu, mwenye wake wawili na watoto tisa, alikufa hata meno hajamaliza kuota. Nilikaa pale chai ikapoa.

Ilibidi nianze upya. Nikarudi kwenye ubatizo, nikatoa akina John wote wa jina hilo la ukoo kati ya 1785 na 1797, kijiji hicho na vijiji vinavyokizunguka. Wakatoka wanne. Nikawapeleka wote kwenye mazishi mmojammoja. Wawili wakaanguka, yule wangu wa 1790 na mwingine wa miaka mitatu. Wakabaki wawili. Mmoja nikamkuta kaoa parokia ya tatu na kuzikwa hukohuko 1848, kwa hiyo hawezi kuwa hai kwenye sensa ya 1851. Akabaki mmoja, kabatizwa 1792, mtoto wa Robert na Susanna. Lakini kubaki peke yake siyo ushahidi, huenda yupo wa tano ambaye hakubatizwa. Kilichomaliza ubishi ni kwamba babu yetu mkewe wa kwanza alifariki akaoa tena 1839, na ndoa ya baada ya 1837 fomu inataka jina la baba. Nikafungua picha. Baba: Robert. Kazi: "cordwainer", yaani fundi viatu. Nikarudi kwenye mazishi ya kijiji, Robert yupo, kazikwa 1821, miaka 66.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kusanya wote wenye jina hilo, zika wote unaoweza kuwazika, oza wote unaoweza kuwaoza, anayebaki ndo unamtafutia ushahidi wa pili. Angalia sana vifo vya miaka mitano ya kwanza. Na ukikuta wazazi wamebatiza John 1790 na John mwingine 1792, ujue mara nyingi wa kwanza alikufa, walikuwa wanarudia jina, kama sisi tunavyorudisha jina la bibi.

Mti wa fremu tulitoa. Ule wa mtandaoni nilifuta, ila nimechelewa, kuna watu watatu nisiowajua walishanakili wakamweka yule mtoto kwenye miti yao na wake wawili na watoto tisa. Nimewaandikia. Mmoja tu kajibu. Ndo maana mti wa mtu mwingine mtandaoni uchukue kama tetesi za barazani, zinakuonyesha pa kutazama, basi.

Hatua ya 5: Tarehe, Kilatini na mwandiko

Mpaka 1751 mwaka wao ulianza 25 Machi, siyo 1 Januari. Hii inachanganya vibaya. Nilikuta mama kazikwa Januari 1725 na mtoto wake kabatizwa Novemba 1725, nikasema hii sasa ni mizimu. Kumbe Januari inakuja baada ya Novemba mwaka uleule wa 1725, mama alifariki miezi miwili baada ya ubatizo. Tarehe yoyote ya kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752 iandike miaka yote miwili, 1725/6, usije ukajisahau. Na Septemba 1752 wakaruka kutoka tarehe 2 kwenda 14, kwa hiyo usitafute mazishi ya tarehe 8, hayakuwepo.

Kilatini kiliondolewa rasmi 1733. Kabla ya hapo, maneno yanayokutosha hayafiki kumi na tano. Baptizatus au baptizata ni amebatizwa, sepultus au sepulta amezikwa, nupti wameoana, filius mtoto wa kiume, filia wa kike, uxor mke, vidua mjane. Majina nayo, Gulielmus ni William, Jacobus ni James, Carolus ni Charles. Usimwite babu yako Jacobus, kwake aliitwa Jim.

Mwandiko wa miaka ya 1500 na 1600 unatisha, kusema kweli. Herufi s ndefu inafanana na f, h inaning'inia chini ya mstari, c utadhani r. Dawa yake siyo kukodoa macho. Chukua ukurasa, tafuta majina unayojua lazima yapo, Mary, John, Elizabeth, William, yapige picha uone karani huyu anaandikaje M, anaandikaje h, jitengenezee alfabeti yake kwenye daftari. Halafu ndo urudi kwenye neno lako. Karani akifa, anza alfabeti nyingine.

Hatua ya 6: Ukikwama

Utakwama. Kwanza toka kwenye kijiji. Vibarua wa mashamba walihama kila mkataba ukiisha, na harusi kwa desturi ilifanyika kwa kina bibi harusi, kwa hiyo chora duara la maili tano kwenye ramani upitie parokia zote zilizomo. Norfolk makanisa yamebanana, umesimama kwenye mnara mmoja unaona mingine mitatu, ile ya mviringo ya mawe ya gumegume, babu alibadilisha parokia kwa kuvuka shamba tu.

Pili, tangu 1598 kila parokia ilitakiwa kumpelekea askofu nakala ya mwaka. Kama kitabu kimeungua au kimeliwa na panya, nakala ya askofu inaweza kuwepo, na wakati mwingine ina neno la ziada. Linganisha zote mbili.

Tatu, huenda hawakuwa Waanglikana. Wabaptisti, Wamethodisti na Waquaker walikuwa na vitabu vyao, vingi vilikusanywa na serikali na sasa viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew, London.

Nne, bi harusi anaweza kuwa mjane. Unatafuta ubatizo wake kwa jina lililoko kwenye ndoa miezi na miezi, kumbe hilo ni jina la marehemu mumewe wa kwanza. Angalia kama pembeni kaandikwa "widow".

Na kuna neno "base" au "base born", mtoto wa nje ya ndoa. Usilionee haya, ndo wenye karatasi nyingi kuliko wote! Parokia ilikuwa inalisha maskini wake, kwa hiyo haikutaka kulisha mtoto wa mwanaume wa parokia nyingine, msichana alihojiwa mbele ya hakimu amtaje baba, na baba akalipishwa. Karatasi hizo ziliwekwa kwenye sanduku la kanisa pamoja na amri za kurudisha watu vijiji vyao. Mtoto wa ndoa halali ana mstari mmoja, huyu wa nje unaweza kukuta kurasa nne na kazi ya baba yake na shilingi ngapi kwa wiki.

Hatua ya 7: Nenda mwenyewe

Vitabu vyenyewe haviko tena makanisani, vingi viko ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, ya kwetu iko Norwich. Kama uko Dar au Mombasa waandikie imeili, ofisi nyingi zina huduma ya kukutafutia kwa malipo, ila uliza swali dogo, "ubatizo wa fulani, parokia fulani, 1788 hadi 1794", siyo "naomba ukoo wangu". Kama uko karibu weka miadi, beba kitambulisho na kitu chenye anwani yako. Watakupa mikrofilamu au picha kwanza, sanduku la kanisa ndo utaletewa karatasi zenyewe.

Kalamu ya wino hairuhusiwi kabisa, ni penseli tu, na begi linabaki kwenye kabati la nje. Nilienda na sambusa mara ya kwanza. Zilibaki kwenye begi mpaka saa tisa, maana sikutoka.